Kabla ya Kubonyeza Hifadhi: Herufi Zinazovurugika Faili Linapohama Kompyuta

Katika steshenari nyingi za hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, kuna lawama moja ambayo flashi hubebeshwa bila kustahili. Mtu ameandaa orodha ya majina ofisini kwake Tukuyu au Vwawa, ameinakili kwenye flashi, ameifungua mjini ili ichapwe, na katikati ya majina anakuta vijialama visivyosomeka. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba flashi ina virusi, au kwamba faili limeliwa njiani. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka na orodha za vikundi vya wakulima, na mafaili ya namna hiyo hupita mikononi mwangu wakati wote. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba karibu kila mara faili hilo limefika salama, baiti kwa baiti, na kwamba uharibifu wa kweli hufanyika baadaye, pale mtu anapolifungua kwa usomaji usio wake na kisha akalihifadhi.

Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na faili la maandishi ni mfululizo wa namba hizo, kila baiti ikiwa na thamani kati ya 0 na 255. Ili namba zigeuke kuwa herufi kwenye kioo, programu huhitaji jedwali linaloonyesha namba ipi ni herufi ipi, na mpango huo ndio unaoitwa usimbaji wa herufi. Matatizo yote nitakayoyaeleza yanatokana na jambo moja, nalo ni kwamba faili la maandishi matupu, liwe la txt au la csv (orodha ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato), halibebi ndani yake jina la jedwali lililotumika kuliandika. Programu inayolipokea hulazimika kukisia, na kila programu ina mazoea yake ya kukisia. Ndiyo maana faili lilelile linaweza kusomeka vizuri kwenye simu, likavurugika kwenye kompyuta ya ofisi, kisha likasomeka tena vizuri kwenye kompyuta ya tatu, ingawa hakuna hata baiti moja iliyobadilika.

Jedwali lililotangulia mengine kwa kuenea ni ASCII la Marekani, lililotolewa mwaka 1963, ambalo lina nafasi 128 tu. Ndani yake zimo herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za kawaida za uandishi. Kiswahili sanifu, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu wala za chini, kinaenea humo chote, hata ng' ya ng'ombe, kwa sababu ritifaa iliyonyooka ina nafasi yake katika ASCII, namba 39. Nafasi zilizobaki, kuanzia 128 hadi 255, zilijazwa na kila mtengenezaji kwa namna yake. Katika kompyuta za Windows zilizopangwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi za hapa kwetu, jedwali la zamani linaitwa Windows-1252, na lina herufi za Ulaya Magharibi. Baadaye ulikuja mpango wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991, wenye lengo la kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake ya kudumu. Mwezi Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuandika namba hizo za Unicode kwa baiti 1 hadi 4, huku zile herufi 128 za ASCII zikiachwa kama zilivyokuwa.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponufaika na ndipo kinapoponzwa. Kwa kuwa herufi 128 za mwanzo ni zilezile katika ASCII, Windows-1252 na UTF-8, orodha ndefu ya majina kama Sanga, Mwakalinga, Mgaya na Kyando itasomeka sawasawa kwa jedwali lolote kati ya hayo. Mwandishi hatakuwa na sababu ya kushuku chochote, wala hatajifunza kwamba kuna jambo la kuchagua anapohifadhi. Kisha linakuja jina moja lenye ritifaa iliyopinda (’ badala ya ') na hapo pekee panavurugika. Laiti faili zima lingevurugika, kila mtu angeliona na kulirudisha. Kosa linalojificha katika mistari michache ndilo linalopita hadi kwenye karatasi ya malipo.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu sura yake hujirudia. Katibu wa kikundi kimoja cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe alileta orodha ya wanachama, akaifungua kwenye kompyuta iliyokuwa mezani, akaniita: «Kaka, hebu njoo uone, flashi yako imekula majina ya watu wetu.» Jina la Mwang'ombe lilikuwa limeandikwa Mwang’ombe, na Ng'umbi limekuwa Ng’umbi. Majina mengine yote yalikuwa salama. Nilimwomba mama yule asibonyeze kitu chochote, hasa asihifadhi, tukalifunga faili bila kulihifadhi na kuanza kuuliza maswali.

Majina yale yalikuwa yamechapwa kwanza katika Word, na Word ina desturi ya kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Katika UTF-8 huandikwa kwa baiti 3, yaani 226, 128 na 153. Orodha ilipohamishiwa kwenye lahajedwali na kuhifadhiwa kama csv ya UTF-8, baiti hizo tatu zilikaa mahali pake barabara. Lakini csv isiyo na alama ya kutambulisha UTF-8 mwanzoni ikibonyezwa mara mbili, Excel ya Windows kwa kawaida huisoma kwa jedwali la mfumo, yaani Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja. Humo, 226 ni â, 128 ni alama ya yuro na 153 ni alama ndogo ya nembo ya biashara. Herufi moja ikawa tatu, na hakuna baiti iliyopotea wala kuongezeka. Tulipolifungua faili lilelile kwa njia inayotaja UTF-8 waziwazi, Mwang'ombe na Ng'umbi walirudi mara moja.

Kama katibu angeihifadhi orodha ile ikiwa katika hali ya kuvurugika, kwa mfano kama kitabu cha kawaida cha Excel au kama csv ya UTF-8, Excel ingeandika kwa uaminifu kile kilichokuwa kwenye kioo: herufi â, alama ya yuro na alama ya nembo, kila moja kwa baiti zake za UTF-8. Kuanzia hapo uvurugaji ungekuwa ndio maandishi yenyewe. Faili likifunguliwa tena vibaya kwenye kompyuta nyingine, Mwang’ombe angekuwa Mwang’ombe, na kila mzunguko ungeongeza mkia. Nimeona orodha ambazo jina moja linachukua nusu ya mstari kwa sababu limepita ofisi kadhaa, kila ofisi ikihifadhi kabla ya kupeleka mbele.

Upande wa pili wa tatizo ni mbaya zaidi. Faili lililoandikwa kwa Windows-1252 lina ritifaa iliyopinda kama baiti moja tu, namba 146. Programu inayosoma kwa UTF-8 ikikutana na 146 ikiwa peke yake haiwezi kuitafsiri, kwa sababu katika UTF-8 baiti za kuanzia 128 hadi 191 haziruhusiwi kuanzisha herufi, ni za kufuata nyuma ya baiti nyingine. Basi programu nyingi huweka mahali pake alama maalumu, ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani yake: �. Wakati alama hiyo iko kwenye kioo tu, 146 bado imo ndani ya faili. Lakini programu ikihifadhi, huandika almasi badala ya 146. Tangu hapo haijulikani tena kama palikuwa na ritifaa, kistari kirefu au é. Zote zimekuwa almasi ileile, na hakuna fundi wala programu inayoweza kuzitenganisha. Ninasisitiza jambo hili kuliko mengine yote kwa sababu watu wengi, wakiona almasi, jambo la kwanza wanalofanya ni kuhifadhi faili kwa jina jipya na kulifuta lile la zamani wakidhani wanaokoa kilichobaki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba faili lililofika halifunguliwi kabla ya kunakiliwa, na nakala ya kwanza haiguswi. Kisha ninaangalia sura ya uvurugaji, maana sura hiyo inaeleza mengi. Mafungu ya herufi yanayoanza na â au Ã, kama yale ya Mwang’ombe, ni UTF-8 iliyosomwa kwa Windows-1252, na dawa yake ni kusoma upya tu. Wanaoshughulika na nyaraka za mizigo pale Tunduma, ambako malori huelekea Zambia na Kongo, hulijua neno la Kifaransa «Société» linalogeuka kuwa «Société». Ni ugonjwa uleule. Almasi huashiria kinyume chake, faili la zamani lililosomwa kwa UTF-8. Herufi  ikiwa mwanzoni kabisa mwa faili, kabla ya neno la kwanza, ni baiti 239, 187 na 191, ambazo baadhi ya programu huziweka ili kutambulisha kwamba faili ni la UTF-8. Hazina madhara kwa msomaji, ila zinaweza kuzuia programu nyingine kulitambua jina la safu ya kwanza.

Vijisanduku vitupu ni habari tofauti kabisa. Hivyo kwa kawaida humaanisha kwamba usimbaji ni sahihi lakini fonti iliyochaguliwa haina umbo la herufi hiyo. Kubadilisha fonti kunatosha, na mtu akianza kuhangaika na usimbaji hapo atalivuruga faili ambalo halikuwa na kosa. Faili zima likionekana kama Kichina, au kila herufi ikitanguliwa na nafasi, mara nyingi UTF-16, inayotumia baiti 2 kwa kila herufi ya kawaida, imechanganywa na mojawapo ya majedwali yanayotumia baiti 1.

Alama ya kuuliza ya kawaida, bila almasi, ndiyo ninayoiogopa. Mwang?ombe mara nyingi humaanisha kwamba herufi ilipotea wakati wa kuandikwa, si wakati wa kusomwa: programu ilitakiwa kuhifadhi herufi katika jedwali lisilo na nafasi yake, ikaweka alama ya kuuliza na kuendelea. Hapo hakuna cha kurekebisha katika faili lenyewe. Ni kurudi kwa aliyelituma na kumwomba lile la asili.

Jambo hili linawagusa zaidi wale wanaoandika lugha zetu za nyanda za juu. Kinyakyusa kina irabu 7, na Kivwanji vilevile, na baadhi ya waandishi wa lugha hizi huonyesha tofauti ya irabu zote kwa kutumia ɨ na ʉ, zenye mstari katikati. Herufi hizo zimo katika Unicode lakini hazimo kabisa katika Windows-1252. Maandishi hayo yakiwa katika UTF-8 na kusomwa vibaya, ɨ hugeuka kuwa ɨ na ʉ hugeuka kuwa ʉ, na kwa kuwa irabu ziko katika karibu kila neno, ukurasa mzima huonekana kama umemwagiwa mchanga. Hiyo bado ni hali ya kuponyeka. Lakini mtu akihifadhi maandishi hayo kwa chaguo ambalo Notepad inaliita ANSI, yaani lile jedwali la zamani la Windows, irabu hizo huwekwa alama ya kuuliza, au pengine herufi nyingine inayofanana nazo, na tofauti ya maana kati ya neno moja na jingine inafutika. Notepad hutoa onyo kabla ya kufanya hivyo, ikieleza kwamba baadhi ya herufi zitapotea. Onyo hilo lina maneno mengi ya Kiingereza na kitufe cha kukubali kiko karibu, na ninawasihi walimu na wazee wa makanisa wanaochapa tenzi na hadithi kwa lugha hizi wasikibonyeze. Chini ya dirisha la kuhifadhi kuna sehemu ya kuchagua usimbaji, na chaguo la UTF-8 liko hapohapo. Notepad iliyokuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2019 na zile zilizofuata huchagua UTF-8 zenyewe kwa faili jipya, tena huonyesha usimbaji wa faili kwenye ukanda wa chini wa dirisha. Kompyuta nyingi za ofisini na za shuleni, hata hivyo, ni za zamani kuliko hapo.

Watafiti wanaoweka alama za toni katika Kihehe au Kibena wana tatizo jingine dogo linalosumbua sana. Katika Unicode, á inaweza kuandikwa kama herufi moja iliyokamilika, au kama a ikifuatiwa na alama ya mkazo inayokaa juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili, na kompyuta za Mac kwa miaka mingi zilihifadhi majina ya mafaili kwa mtindo wa pili. Ndiyo maana neno linaweza kuonekana kwenye ukurasa huku utafutaji ukidai halimo. Programu nzuri za uhariri zina amri ya kuunganisha herufi hizo kuwa za mtindo mmoja, na inafaa kuitumia kabla ya kuunganisha maandishi yaliyotoka kwa watu wawili.

Sasa nije kwenye Excel, ambako ndiko wengi huumia. Faili la csv lisifunguliwe kwa kubonyezwa mara mbili. Fungua kwanza Excel tupu, nenda kwenye menyu ya Data, chagua From Text/CSV, kisha chagua faili lako. Dirisha litakalotokea lina sehemu inayoitwa File Origin, na humo chagua 65001, ambayo ndiyo namba ya UTF-8 katika Windows. Majina huonekana papo hapo kabla hujaingiza chochote, kwa hiyo una nafasi ya kulinganisha: yakiwa mazuri kwa 65001, faili ni la UTF-8; yakionyesha almasi, jaribu 1252. Katika dirisha hilohilo kuna mahali pa kuamua kama Excel ikisie aina ya kila safu, na mimi huizuia isikisie, kwa sababu namba za simu zinazoanza na 0 hugeuzwa kuwa hesabu na ile 0 ya mwanzo hudondoka. Hilo si tatizo la usimbaji, lakini hutokea katika hatua ileile na hugharimu zaidi, maana mkulima anayelipwa kwa simu hutambuliwa kwa namba hiyo. Wakati wa kuhifadhi, matoleo mapya ya Excel yana chaguo linaloitwa CSV UTF-8; hilo ndilo la kuchukua, na lile jingine la csv lisilotaja UTF-8 liachwe.

Kwa asiye na Excel, LibreOffice ambayo ni ya bure hufanya kazi hii vizuri zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu kila csv inapofunguliwa huuliza kwanza usimbaji na kuonyesha mistari ya mwanzo. Swali hilo huwaudhi watu wakalipita upesi, ilhali ndilo linaloziokoa orodha zao.

Katika programu ya Notepad++ kuna amri mbili zinazokaa karibu katika menyu moja na kuchanganywa kila siku. Moja hubadilisha namna ya kusoma baiti zilizopo bila kuzigusa. Nyingine, inayoanza na neno Convert, huziandika upya baiti zenyewe. Ukiona herufi zimevurugika, tumia kwanza ile ya kusoma, jaribu UTF-8 na majedwali mengine hadi maandishi yasomeke. Yakishasomeka ndipo ugeuze kuwa UTF-8 kwa amri ya pili na kuhifadhi. Ukigeuza wakati bado yamevurugika, umeuandika uvurugaji wenyewe, na ndipo yanapozaliwa yale majina yenye mikia mirefu.

Majina ya namna hiyo yanaweza kurudishwa, ila si yote. Njia ni kurudi nyuma hatua ileile: kuchukua herufi zinazoonekana, kuziandika kwa Windows-1252, kisha kuzisoma baiti zinazopatikana kama UTF-8. Kwenye Linux au Mac amri ya iconv hufanya hatua hiyo:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 orodha.csv > orodha-mpya.csv

Matokeo yaandikwe katika faili lenye jina jingine, kwa sababu ukitaja lilelile litafutwa kabla halijasomwa. Kikwazo ni kwamba jedwali la Windows-1252 lina nafasi 5 zisizo na herufi: 129, 141, 143, 144 na 157. Alama ya kufunga nukuu iliyopinda katika UTF-8 ina baiti 226, 128 na 157, na ile 157 ikipita katika jedwali hilo kila programu huishughulikia kwa namna yake. Nyingine huiacha ipite, nyingine huitupa. Ndiyo maana katika maandishi yaliyookolewa unaweza kukuta alama zote za kufungua nukuu zimerudi salama huku za kufunga zikiwa zimebaki mabaki, na amri ya iconv ikasimama katikati ikilalamika. Hapo hubadilishwa kwa mkono, au kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, mradi mtu awe na nakala iliyochapwa ya kulinganisha.

Kuhusu ritifaa, nina msimamo ambao wapenzi wa uchapaji mzuri hawatakubaliana nao. Katika orodha za majina, malipo na matokeo ya mitihani, itumike ritifaa iliyonyooka pekee. Huwezi kuivuruga kwa jedwali lolote kati ya yale yaliyojengwa juu ya ASCII, na zaidi ya hapo, programu nyingi huhesabu Mwang'ombe wa ritifaa iliyonyooka na Mwang’ombe wa iliyopinda kuwa watu wawili. Mwanachama mmoja anaweza kuonekana mara mbili kwenye daftari, au mchango wake usioanishwe na jina lake. Katika Word, badiliko hilo la kujifanyia huzimwa kwenye mipangilio ya AutoCorrect, na kwa orodha iliyokwisha kuchapwa hutosha kutafuta alama iliyopinda na kuweka iliyonyooka kabla ya kuihamisha. Vitabu na magazeti yaendelee kutumia iliyopinda, kwa kuwa inapendeza na hakuna anayelipwa kwayo.

Je, ni kweli kwamba faili haliharibiki njiani hata kidogo? Huweza kuharibika, lakini sura ya uharibifu huo ni nyingine. Flashi ikichomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, au umeme ukikatika katikati ya kunakili, kwa kawaida faili hukatika mwisho, au hukataa kufunguka, au huonyesha ukubwa wa 0. Haligeuzi ritifaa peke yake na kuacha mengine yote. Anayetaka uhakika anaweza kulinganisha ukubwa wa faili kwa baiti pande zote mbili, au kupata alama yake ya utambulisho. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

certutil -hashfile orodha.csv SHA256

Kwenye Linux amri ni sha256sum. Matokeo yakilingana herufi kwa herufi kwa aliyetuma na aliyepokea, hakuna sababu ya kuendelea kuilaumu flashi. Wanaotuma kwa WhatsApp watume kama hati, wasibandike orodha ndani ya ujumbe. Wanaotumia FTP kupeleka mafaili kwenye seva wachague hali inayoitwa binary, yaani isiyogusa baiti, kwa sababu ile ya maandishi hubadilisha alama za mwisho wa mstari na inaweza kuharibu kabisa picha au faili lililobanwa. Majina ya mafaili yaliyobanwa kwa ZIP nayo huweza kuvurugika ingawa yaliyomo ni salama, kwa kuwa alama ya kutambulisha majina ya UTF-8 iliongezwa katika kanuni za ZIP mwaka 2006 na si kila programu huiweka. Ni rahisi kuyapa mafaili majina ya herufi za kawaida.

Kuna kundi moja la mafaili ambalo maelezo yote ya hapo juu hayalitoshi. Ni maandishi ya lugha zetu yaliyochapwa kabla Unicode haijaenea, kwa fonti maalumu ambazo mafundi walizifumua na kuweka umbo la ɨ au la herufi nyingine mahali pa alama isiyotumika sana. Ndani ya faili hakuna ɨ. Kuna alama nyingine kabisa, na fonti ndiyo iliyokuwa ikiivisha sura hiyo. Kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, sura inadondoka. Hakuna jedwali la kawaida litakaloyasoma, hata ukijaribu yote. Hapo ninaomba vitu viwili kutoka kwa mwenye maandishi, yaani fonti yenyewe kama bado ipo kwenye kompyuta ya zamani na kurasa chache zilizochapwa wakati huo. Kwa hivyo viwili hutengenezwa orodha ya mabadiliko, alama kwa alama, na inaendeshwa juu ya nakala tu, baada ya kutenga sehemu zilizoandikwa kwa fonti ya kawaida ambazo alama zilezile zina maana yake halisi. Kisha msomaji mwenye lugha hiyo anapitia kurasa zote, kwa kuwa mimi siwezi kujua kwa macho kama irabu iliyokaa pale ndiyo iliyokusudiwa. Fonti kama Charis SIL na Doulos SIL zina maumbo ya herufi hizo na hupatikana bure, kwa hiyo maandishi mapya yakishahifadhiwa kwa UTF-8 yataonekana vilevile popote zilipo. Faili la zamani hubaki kando pamoja na fonti yake.